Mimba Bila Mwenza: Usingoje Mtu wa Kukaa Naye Kwenye Benchi

Nilianza kliniki mimba ikiwa na miezi sita. Zahanati iko mwendo wa dakika kumi kwa mguu kutoka chumbani kwangu, na huduma ya wajawazito haikuwa ya kulipia. Nilichokosa ni mwanaume wa kwenda naye. Baba wa mtoto alizima simu tangu mwezi wa pili, na mtaani kwetu Dar kila mwanamke anajua hudhurio la kwanza utaulizwa, "Mwenza wako yuko wapi?"

Siku nilipojikaza nikaenda, nesi alitoka mlangoni akatangaza kwamba waliokuja na wenza wapite mbele. Wakapita. Binti aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Dada, toka hapo nje, mwombe bodaboda yeyote akusindikize, mpe hela kidogo ajifanye mumeo." Alikuwa anasema kweli, wa kwake alishampata. Mimi sikuweza. Nikaambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba sina mwenza, na mwenyekiti nilimpata siku ya tatu. Nilipopimwa wingi wa damu ilikuwa 8, wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Miezi yote ile niliyokuwa najificha, vidonge vya kuongeza damu vilikuwepo palepale zahanati.

Naelewa kwa nini wanawaita wenza. Baba akipimwa VVU na kaswende pamoja na mama, mtoto anakingwa vizuri zaidi. Nia ni njema kabisa. Ila utaratibu huo ukigeuzwa kizuizi mlangoni, anayebaki nje ni yule ambaye tayari hana wa kumshika mkono.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba suala la kubeba mimba bila ndoa limechunguzwa nchi nyingi. Ufini, ambako karibu kila mjamzito anahudhuria kliniki bila malipo, watafiti walipitia mimba zaidi ya 25,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Wasioolewa, wakiwemo waliokuwa wakiishi na mwanaume bila ndoa, walijifungua zaidi watoto njiti na watoto wenye uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5. Niliposoma hayo nililia, maana wangu alizaliwa kabla ya wiki 37 akiwa na kilo 2.1. Lakini cheti cha ndoa hakiongezi damu mwilini. Najua kilichonipata mimi: kula mlo mmoja ili kodi itimie, kusimama kutwa nzima dukani kwa mtu, kulala na mawazo, kuchelewa kliniki. Na wapo walioolewa wanaopigwa wakiwa na mimba. Huyo hatari yake ni kubwa, pete au hakuna pete.

Usiku wa kujifungua ndio ulionifundisha zaidi. Chupa ilipasuka saa nane. Nikakaa kitandani nimeshika simu, napandisha majina na kuyashusha, naona haya kumwamsha mtu. Jirani wa chumba cha pili ndiye aliyesikia nikigugumia akagonga mlango karibu na alfajiri. Mwenye mtu pembeni huamuliwa kwa neno moja, "Amka, twende." Mimi nilipoteza saa tatu kwa kukosa neno hilo.

Kwa hiyo, dada yangu, mtafute mtu wa kukuambia "twende" mapema, mimba ikiwa bado changa. Anaweza kuwa mama mdogo, shoga yako au jirani, ila mwambie waziwazi kwa mdomo: "Nikikupigia usiku, utakuja?" Mwonyeshe ilipo kadi ya kliniki na ulipoweka khanga na vifaa vya kujifungulia. Mfundishe dalili za hatari: damu kutoka, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, mtoto kupunguza kucheza. Yeye akiziona asikuulize unajisikiaje, akupeleke. Namba ya bajaji au bodaboda mnayemwamini iwe kwenye simu zenu wote wawili, na nauli iwe imetengwa, haiguswi hata mboga ikikosekana.

Na kliniki nenda kabla ya wiki 12, peke yako. Vipimo vya VVU na kaswende ni haki yako na ya mwanao. Wakitaka barua, ifuate siku hiyohiyo, kisha urudi.

Uliza pia kama leba wanaruhusu msindikizaji. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2017, za wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, zilionyesha kwamba mama anayekaa na mtu wa kumtia moyo mwanzo hadi mwisho wa uchungu hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, na uchungu wenyewe huwa mfupi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu huyo achaguliwe na mama mwenyewe. Halijasema lazima awe mume.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti anayeuza nyanya gengeni kwetu. Mimba yake ina wiki kumi, na aliyempa amesharudi kwao mkoani. Nesi akauliza mwenza yuko wapi. Nikasema, "Leo amekuja na mimi." Akatutazama kidogo, akavuta kadi mpya akaanza kuandika. Damu ilisoma 11.4.