Maji ninayokunywa, mbona yananichoma puani?

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni seremala, huu mwaka wa 14, na vumbi la msumeno limenichosha. Ikifika jioni pua zimejaa, hasa tundu la kushoto, ambalo hata asubuhi kabla sijagusa mbao huwa limeziba nusu. Mwenzangu akaniambia nivute maji puani. Nikakinga maji ya bomba kiganjani, nikavuta. Moto ulinipanda hadi kwenye paji la uso, machozi yakanitoka mbele ya mafundi wote. Na ni maji hayohayo ninayokunywa kila siku! Nilikosea wapi, na chumvi inatiwa kiasi gani?
Seremala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Mwenzako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya maelezo.

Kilichokuchoma ni kukosekana kwa chumvi. Majimaji ya mwilini yana chumvi yake. Maji matupu yakigusa utando laini wa pua, seli zake huyafyonza na kuvimba, ndio ule moto. Chumvi ikilingana na ya mwili, yaani gramu 9 kwa lita 1, utahisi uvuguvugu tu. Kwa vipimo vya jikoni, ni kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi laini, kijiko kisawazishwe kwa kisu. Ukipata isiyotiwa madini joto ni bora, kwa kuwa yapo mapua yanayoyakataa. Usiongeze chumvi ukidhani ndiyo dawa kali zaidi, itakuchoma upya.

Lakini kilichonitia wasiwasi ni hayo maji ya bomba. Maji ya kunywa hupita tumboni, kwenye asidi inayoua vijidudu vingi. Puani hakuna asidi hiyo, na juu kabisa pana mishipa ya kunusa inayokwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Kuna amiba aitwaye Naegleria fowleri, kijidudu kinachoishi kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye joto. Ukimnywa hakudhuru. Akipanda puani anaweza kufuata mishipa hiyo hadi kwenye ubongo, na wengi mno wa wanaofikwa na hilo hawaponi. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Ni nadra sana, nakuhakikishia, ila kinga yake ni sufuria tu: maji yachemke kwa kutokota dakika 1 nzima (ukiishi mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, dakika 3), yapoe yakiwa yamefunikwa, uyatumie ndani ya saa 24. Yakibaki, mwaga.

Kiganja nacho kiache. Tumia chupa laini ya kubinya iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au bomba la sindano jipya, bila sindano yenyewe. Inama juu ya beseni, geuza uso upande tundu moja liwe juu, achama, pumua kwa mdomo. Mimina taratibu kwenye tundu la juu. Maji yatatokea la chini. Usivute! Kisha geuza upande wa pili. Ukimaliza penga kamasi polepole bila kubana matundu yote mawili, la sivyo unayasukuma maji masikioni. Osha chombo, kianikwe kikauke.

Nikuibie siri moja. Nilipokuwa kliniki ya masikio, pua na koo niliosha pua nikiwa na haraka, nikarudi mezani. Dakika kumi baadaye nikainama kuandika jina la mgonjwa, maji yakamwagika kutoka puani mpaka kwenye daftari. Mgonjwa akaniuliza kama nami nimekuja kutibiwa. Kwa hiyo ukimaliza, inama, geuza kichwa huku na huku, subiri. Wala usifanye dakika ya mwisho kabla ya kulala.

Osha jioni baada ya kazi, ila kuosha hakuchukui nafasi ya barakoa. Vaa ile ya kuzuia vumbi, inayobana vizuri usoni, si kitambaa.

Sasa hilo tundu la kushoto. Umeliandika kwa kupita, nami limenikalia kichwani. Vumbi huingia matundu yote mawili. Kwa nini lizibe moja, tena asubuhi? Mara nyingi ni ukuta wa katikati ya pua uliopinda, au vinyama vya puani, na vyote vina tiba. Lakini vumbi la mbao limo katika kundi la 1 la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na hii ni ya pua. Saratani yenyewe si ya kawaida, na sisemi unayo. Nasema fundi wa miaka 14 mwenye pua iliyoziba upande mmoja aende kwa daktari wa pua aangaliwe kwa kifaa, na umwambie kazi yako bila kungoja akuulize. Ukiona damu upande huo, au uso kufa ganzi, usingoje wiki iishe. Na likiwa limeziba kabisa, usilisukumie maji.