Netscape haikuuawa na ubovu peke yake

Ndugu, unasema kampuni ya Netscape ya miaka ya tisini ilikufa kwa sababu kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kilikuwa kibovu. Nusu kweli. Toleo la 4 lilikuwa zito kweli: ukibadilisha tu ukubwa wa dirisha, ukurasa unajipakia upya, na modemu zenyewe, vile vifaa vya kuunganisha intaneti kwa laini ya simu, zile za kukoroma! Lakini kumbuka Netscape ilikuwa inauza programu yake, wakati Microsoft inagawa kivinjari chake, Internet Explorer, bure, tena ndani ya Windows. Ukiwasha kompyuta, ile "e" ya buluu tayari inakungoja kwenye skrini. Nani angehangaika kupakua kingine usiku kucha? Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft Mei 1998, ila maji yalikuwa yameshamwagika.

Utani wa kampuni hizo mbili ndio siusahau. Mwaka 1997, toleo la 4 la Explorer lilipotoka, watu wa Microsoft walikwenda usiku kutupa "e" kubwa mno kwenye bustani ya Netscape. Watu wa Netscape wakaiangusha, wakamsimamisha juu yake dinosauri aliyekuwa nembo yao, Mozilla. Mwaka uliofuata Netscape ikaachia wazi msimbo wa kivinjari chake, yaani maandishi yanayoiunda programu, kila mtu autumie, na humo ndimo kilimotoka kivinjari cha Firefox.