Kijana, unajua kufanya nini?

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wenye digrii za jumla, BA na BSc ambazo majina yake hayataji kazi yoyote.

Shikamoo mwalimu. Nina BA ya Historia na Siasa. Niliomba kazi kwa wakala wa forodha hapa karibu na bandari ya Tanga. Bosi akauliza, "Kijana, unajua kufanya nini?" Nikamwambia nina GPA ya 3.8. Akacheka. Ningejibu nini? (Ngamiani)

Marahaba, mwanangu. Alikuuliza kazi, ukamjibu alama. Hiyo 3.8 ni daraja la pili la juu, si haba, ila haimwambii ukikabidhiwa faili utalifanyaje.

Fikiria kazi ya pale. Mzigo umeshuka. Hati ya shehena inasema magunia 300, orodha ya vifurushi inasema 298. Mvivu atashika karatasi ya juu na kuendelea. Wewe ulifundishwa miaka mitatu kwamba vyanzo vikigongana unauliza: nani aliandika, lini, na alikuwa na maslahi gani? Ulilifanya kwa ripoti za Wajerumani na simulizi za wazee. Bandarini utalifanya kwa karatasi za mzigo. Hilo ndilo la kumwambia, tena kwa mfano: katika utafiti wako wa mwaka wa tatu wazee wawili walipishana, ukaenda wapi kuhakikisha, ukapata nini. Usiseme "nina uwezo wa kufikiri kwa kina". CV zote zina sentensi hiyo, na nyingi zimeinakili. Taratibu za forodha kama huzijui, kiri. Hizo utafundishwa.

Nasoma BSc ya Kemia na Biolojia, mwaka wa pili. Wenzangu wanalipia kozi za kompyuta. Nami nilipe? (Muheza)

Bado. Una vipimo vya maabara vimelala kwenye daftari. Viingize Excel, chora grafu, halafu mwandikie mama yako aya moja ya matokeo bila neno hata moja la kitaalamu. Aya hiyo itakutoa jasho kuliko grafu. Ukikwama mahali, hapo utajua ulipie kozi ipi. Na mafunzo kwa vitendo usiyafuate Dar es Salaam kwa sababu tu wenzako wanaenda; kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano kiko huko huko kwenu.

Binti yangu kachagua BSc, mimi nilitaka ualimu. Je, kajifungia mlango? (Mama wa Pongwe)

Hapana, mama. Akimaliza anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya elimu akawa mwalimu, na Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa Tanga. Mwache asome.

Kundi letu la kazi za darasani lina watu sita. Naandika peke yangu, wengine wanaleta majina tu. (Chumbageni)

Mimi nilikuwa upande wa pili, nilikuwa jina. Kazini mwezi wa kwanza nikaambiwa niandike muhtasari wa kikao, nikakodoa macho. Kwa hiyo usidhani unawasaidia. Siku ya kwanza gaweni kazi kwa maandishi, kila mtu na tarehe yake, na karatasi hiyo iambatanishwe na kazi yenyewe. Kumdai mwenzako bila kugombana naye nako ni stadi, maofisini wanaitafuta.

Mimi ni mhadhiri. Tuna kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza. Haitoshi kuwaandaa wanafunzi kwa kazi?

Haitoshi, mwalimu mwenzangu. Uingereza mwaka 1997 tume ya Ron Dearing ilitaja stadi nne za kila mhitimu: mawasiliano, hesabu, teknolojia ya habari, na kujua namna ya kujifunza. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokaa kichwani kwa muhula mmoja. Mwanafunzi anajifunza barua rasmi Novemba, anaihitaji tena miaka mitatu baadaye.

Ziingize ndani ya somo lako. Semina moja, badala ya insha, wamwandikie mkurugenzi wa halmashauri ukurasa mmoja: magofu ya Tongoni yahifadhiwe vipi, na kwa nini yeye ajali. Sahihisha, warudishie, waandike upya. Najua darasa lako lina watu 200 na kusahihisha mara mbili ni adhabu. Chukua kundi moja la semina muhula huu, jingine muhula ujao.