Muulize Mjomba: Poka ya Texas unaanzia wapi?

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko Dallas mwaka wa pili saivi, nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee na Ijumaa wenzangu wa zamu wanakaa kucheza poka, ile ya Texas Hold'em. Wananikaribisha nakataa maana mi najua lasti kadi tu, nikiangalia naona watu wanatupa karata hata mchezo haujafika popote, mwingine anasema cheki, mwingine anasukuma chipu (vile vidude vya kuhesabia hela) zote katikati, siambulii kitu. Nifundishe toka mwanzo taratibu. Hela yenyewe ni dola tano kila mtu basi. – Mpwa wako, Dallas

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Uko penyewe kabisa, maana bunge la Texas mwaka 2007 liliutambua mji mdogo wa Robstown kuwa ndo mchezo huu ulikozaliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1900 huko, Las Vegas ukaja kuingia baadaye miaka ya 1960.

Sasa sahau lasti kadi. Huku hukimbilii kumaliza karata, hakuna turufu wala kula karata ya mtu. Kila mtu anagawiwa karata mbili za siri, halafu katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote, na wewe unachagua tano zilizo bora kati ya hizo saba. Sio lazima utumie zako zote mbili, unaweza kutumia moja, unaweza usitumie hata moja. Wengi wanaoanza hapo ndo wanapotea, wanakumbatia mbili zao hawaangalii meza.

Mpangilio uko hivi. Kuna kidude cha duara kinaonyesha nani mgawaji, kila mzunguko kinahamia kwa wa kushoto. Wa kwanza kushoto kwake anaweka dau dogo, anayefuata anaweka dau kubwa, kawaida mara mbili ya lile dogo, na haya ni ya lazima kabla hujaona karata, bila hayo watu wangekaa bure kusubiri karata nzuri usiku kucha. Mkishagawiwa anaanza kuongea aliye kushoto kwa dau kubwa: alipe kiasi hicho hicho, aongeze, au atupe karata atoke. Ikizunguka madau yakalingana, zinafunuliwa karata tatu kwa mpigo, watu wanaweka madau tena, inakuja ya nne, madau, ya tano, madau ya mwisho, waliobaki wanaonyesha. Kuanzia zile tatu anayeanza kuongea ni wa kwanza kushoto kwa mgawaji ambaye hajatoka. Hiyo cheki uliyoisikia ni kupita bila kuweka kitu, inaruhusiwa kama mbele yako hamna dau, likishawekwa ni kulipa, kuongeza au kutoka. Na anayesukuma chipu zote akishinda anachukua kwa kila mtu kiasi kile tu alichoweka yeye, kinachozidi wenzake wanagombania pembeni.

Ngazi za ushindi zikariri kabla hujakaa mezani. Chini kabisa ni karata kubwa tupu, halafu pea moja, yaani mbili zinazolingana, pea mbili, tatu zinazolingana, tano za kufuatana, tano za ua moja, yaani zote shupaza au zote kopa, tatu zinazolingana pamoja na pea, nne zinazolingana, na juu tano za kufuatana zenye ua moja, ambayo ikianzia kumi kwenda mpaka esi hakuna kinachoipita. Ukichanganya kufuatana na ua moja kumbuka ngumu ndo inashinda: karata tano za kufuatana zinaweza kutokea kwa njia 10,200, za ua moja njia 5,108 tu.

Ila kuhusu kutupa karata, hapo nikuombe sana mpwa wangu, kutupa ndo kucheza kwenyewe. Chukulia una tisa na nane za shupaza, meza imefunua shupaza mbili nyingine, unangoja moja tu upate tano za ua moja. Zimebaki tisa kwenye 47 usizoziona, yaani karata inayofuata itakupa kama mara moja kwenye tano. Katikati kuna chipu 20, mwenzako akiweka 5 unalipa 5 kugombania 25, lipa. Akiweka 20 unalipa 20 kugombania 40, kwa anayeanza hapo tupa, usione aibu, hata kama shupaza ingekuja kweli. Na ukiwa wa mwisho kuongea una faida kubwa maana umeshaona wenzako wote walichofanya, kwahiyo ukiwa wa mwanzo ingia na karata nzuri tu, esi na kingi, au pea za juu.

Kuhusu hizo dola tano, sheria ya Texas inakulinda kama mnacheza sehemu ya faragha, hakuna anayefaidika na chochote zaidi ya alichoshinda mezani, na wote mna nafasi sawa. Kwahiyo chezeni nyumbani kwa mtu, sio kazini.

SWALI: Mjomba, meza ilikuwa kingi, kwini, saba, nne na mbili, maua tofauti. Mi nina kingi na jeki, jamaa ana kingi na tisa. Tukasema wote pea ya kingi tukagawana chipu. Ni sawa? – Arusha

JIBU: Hapana, zilikuwa zako zote. Pea zikilingana zinaangaliwa karata tatu zilizobaki: wewe kwini, jeki, saba, yeye kwini, tisa, saba. Jeki imemshinda tisa. Kugawana ni pale tano za mwisho zinapofanana kabisa, mfano mezani kuna kumi, jeki, kwini, kingi, esi na hakuna mwenye tano za ua moja.

SWALI: Tukicheza wawili tu, mimi na mume wangu, dau dogo anaweka nani? – Mombasa

JIBU: Dada yangu, anaweka mgawaji. Yeye ndo anaongea kwanza kabla meza haijafunuliwa, zikishafunuliwa zile tatu anaongea wa mwisho mpaka mnamaliza.