Kimepungua Nini Kwenye Gauni la Zilipendwa

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepona na ameshaanza tena kwenda mwaloni asubuhi kuwasumbua wauza sato kwa bei.

Picha zako nimezipata. Unasema umemshonea mwenzako wa ofisini gauni la kuvaa kwenye sherehe yao ya zilipendwa, na umefuata kila kitu ulichokiona kwenye picha ya bibi yako ile ya studio ya mwaka 1965: kola ya duara yenye maua, mikono mifupi, kiuno cha kubana, sketi ya solo, ile inayokatwa duara. Lakini akilivaa anaonekana kama amevalishwa kwa ajili ya igizo la shule, wakati bibi pale pichani amevaa gauni lake tu, basi. Ukauliza, "Mama, kimepungua nini?"

Kwa nje hakijapungua kitu. Umenakili nje vizuri kabisa, na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu gauni la zamani linabebwa na vitu ambavyo kamera haivioni. Gauni la bibi bado ninalo sandukuni. Jana nimelitoa, nikaligeuza ndani nje, nikaliweka mezani karibu na picha zako. Nakueleza nilichokiona.

Kwanza kitambaa. Kwenye ile picha uliyopigia karibu na dirisha, sketi inang'aa. Hiyo ni poliesta, au ina poliesta nyingi. Kama muuzaji amekuapia kuwa ni pamba, chomoa nyuzi chache pembeni ukaziunguze juu ya sahani. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inabaki punje ngumu ambayo huwezi kuiponda kwa vidole. Ukikuta majivu na punje vyote viwili, umeuziwa mchanganyiko. Bibi alivaa poplini ya pamba. Poplini ina ukaidi wake: ukiikunja na kuipiga pasi inakaa pale ulipoiambia ikae, na sketi yake inasimama mbali kidogo na mapaja. Poliesta nyepesi inateleza, inalala mwilini, na kila mshono uliovutika unaonekana. Angekuwa mwenzako anataka miaka ya sabini, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, ningekwambia tafuta kabisa kitambaa cha tetroni, ndiyo hiyohiyo poliesta, maana watu wa wakati ule walikipenda kwa sababu hakikuwa na habari ya pasi. Lakini gauni la mwaka 1965 ni la pamba.

Pili, na hili litakushangaza: sketi ya bibi si solo. Picha imekudanganya. Ina vipande sita, vyembamba kiunoni na vipana chini, vimeunganishwa wima. Solo inaanza kumwagika palepale kiunoni. Ya vipande sita inashuka kwanza kwenye nyonga imenyooka, ndipo inafunguka. Mwanamke mwenye nyonga akivaa solo kamili ya kitambaa kigumu anaongezeka upana mara mbili, na nadhani hilo ndilo lililomkuta mwenzako. Halafu katika vipande sita, kila kipande kimekatwa uzi wa kitambaa ukipita wima katikati yake, kwa hiyo maua yote yamesimama. Solo haina adabu hiyo. Maua yakisimama mbele, ubavuni yanalala. Ndiyo maana kitambaa cha ndege, cha taa au cha maandishi huwa sikikatii solo hata mteja akinuna.

Siku utakayotaka solo ya kweli, hesabu yake hii hapa. Chukua kiuno, gawa kwa 6.28, hicho ndicho kipimo cha kutoka katikati ya duara hadi ukingo wa tundu la kiuno. Kiuno cha inchi 28 kinakupa karibu inchi nne na nusu. Nusu solo gawa kwa 3.14, unapata karibu tisa. Kitenge chetu kina upana wa inchi 46 hivi, kwa hiyo solo kamili ya kufika chini ya goti haitoki kwenye kipande kimoja. Unakata nusu duara mbili na kuziunganisha pembeni, na hapo yadi tatu na nusu zinaondoka. Pea ya yadi sita bado inakuachia sehemu ya juu, kola na mikono. Ukishaunganisha, usikimbilie kupinda chini. Litundike usiku kucha na mchana wake. Sehemu zilizokatwa kimshazari zitashuka kwa uzito wake zenyewe, zile zilizonyooka hazitashuka, na asubuhi utakuta pindo lina mawimbi. Mvalishe mwenyewe, asimame juu ya meza, upime kutoka mezani kwenda juu kwa rula, uweke chaki, ukate, ndipo upinde. Mafundi wa haraka wanaruka hatua hii, na ukiwaona wateja wao wakipita barabarani unawatambua kwa mbali.

Sasa ndani. Pembeni gauni la bibi lina akiba, yaani kitambaa cha ziada nje ya mshono, ya zaidi ya inchi moja kila upande. La kwako, kwa nilivyoona kwenye ile picha uliyolifungua, umeacha nusu inchi ukalipitisha ovaloki. Ovaloki ni nzuri na mimi ninayo, lakini inakata akiba yote, na mshono mwembamba hauna uzito wa kulala. Wa bibi umefunguliwa pande mbili ukapigwa pasi, halafu kingo zimekunjwa na kushonwa kila moja peke yake. Pindo la chini ni inchi mbili, limeshikiliwa kwa mkono, uzi mmoja mmoja wa kitambaa, kwa nje huoni kitu. Uzito wa pindo hilo ndio unaofanya sketi icheze mtu akitembea kisha irudi mahali pake.

Akiba ile haikuwa ya urembo. Mtu alikuwa anashonewa gauni moja la kuvaa miaka. Miaka ya themanini mwanzoni, kitambaa kilipokuwa cha mgao na cha foleni, magauni ya namna hii yalifumuliwa pembeni, yakapanuliwa, yakavaliwa tena, au yakageuzwa kuwa ya watoto. Mpaka biashara ilipofunguliwa mwaka 1984 na mitumba ikaanza kumiminika, watu wengi walikuwa wanaishi kwa akiba zilizoachwa na fundi. Leo kitambaa kipo tele, ndiyo maana fundi haoni sababu.

Kiunoni kwa ndani kuna utepe imara, umeshonewa juu ya mishono tu, na unafungwa kwa kulabu kabla ya zipu. Huu ndio unaobeba sketi. Bila huo, uzito wote wa sketi unavuta sehemu ya juu, kifua kinashuka, kola inakwenda nyuma. Angalia picha yako ya pili: kola imekwenda nyuma. Kaongeze utepe, ni kazi ya nusu saa.

Na kiuno chenyewe umekiweka chini. Siku hizi tumezoea suruali na sketi zinazokaa chini ya kitovu, basi tukipima kiuno mkono unakwenda kulekule. Kiuno cha gauni la wakati ule ni pale mtu anapojikunja akiinama pembeni. Mfunge kamba nyembamba, mwambie ainame kushoto na kulia, pale kamba itakapotulia ndipo penyewe.

Usijilaumu kwa urefu. Kuna watu wanadhani miaka ya sitini yote ilikuwa ni vimini. Vilikuwepo, ndiyo, tena vilisumbua hadi mwaka 1968 vijana wa TANU wakatangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikawa vinapigwa vita Dar es Salaam. Lakini mke wa mtu aliyekwenda studio kupiga picha ya kumtumia mama mkwe Magu alivaa chini ya goti.

Kola sasa. Unasema maua umeyapeleka kwa wenye mashine ya kompyuta. Yametoka sawasawa, na hicho ndicho kinachoyaua. Kila ua ni pacha wa mwenzake, nyuzi zinang'aa, na kwa nyuma wamebandika karatasi ngumu, kola imekuwa kama ubao. Kola ya bibi ilidariziwa kwa mkono: vikonyo kwa mshono wa shina, majani kwa mnyororo, katikati ya ua mafundo madogo. Ukitazama kwa karibu, ua la kushoto ni nene kuliko la kulia. Unakumbuka zile foronya nyeupe za kabatini, zilizoandikwa "Usiku Mwema" na "Lala Salama"? Mkono ni uleule. Wanawake wa rika lake wengi walifundishwa kazi hiyo na masista au kwenye vikundi vya akina mama, na binti aliyekuwa anaolewa alihesabiwa mashuka na foronya alizodarizi mwenyewe.

Ukitaka kujaribu, si kazi ya kutisha. Darizi kabla hujakata kola, kitambaa kikiwa bado kipana, maana kipande kidogo hakikai kwenye ringi. Chora kwa penseli laini, kitambaa kikiwa juu ya mchoro kwenye kioo cha dirisha. Kaboni ya blu iache, haitoki kwenye nyeupe. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita zilizolala pamoja. Kata urefu wa kutoka kidoleni hadi kiwiko, chomoa mbili utumie hizo, nne zirudishe. Usipige fundo mwanzoni. Acha mkia, kisha upitishe chini ya mishono ukimaliza, la sivyo pasi itachapa vinundu kwa nje. Na uzi mwekundu, hata uwe wa bei gani, loweka kipande chake kwenye maji ya moto juu ya kitambaa cheupe kwanza. Nimeona kola za harusi zikigeuka waridi kwenye beseni.

Ukishindwa kwa mkono, ipo njia ya katikati, na ndiyo niliyolelea ninyi wote: cherehani ya kukanyaga. Unatoa mguu wa mashine, unashusha meno, unabana kitambaa kwenye ringi kigeuzwe, kiguse sahani ya chuma. Hapo mashine haivuti tena kitambaa, wewe ndiye unayekisogeza na sindano inafuata mkono. Cherehani ya umeme inakimbia kabla hujaamua. Ya kukanyaga inakwenda mshono mmoja ukitaka mmoja. Mafundi wa kanzu na mashuka hapa mjini bado wanazitafuta hizi kwa sababu hiyo, na kila mwenye kuja kuniambia niweke mota namkaribisha chai tu. Ila usidarizi kitu cheupe jioni chini ya taa ukija huku msimu wa wale wadudu wa ziwani. Wakipondeka kwenye kitambaa ni doa.

Uliuliza pia, kwa kupita, kama uchape kitambaa mwenyewe ili kifanane na cha zamani. Kwa gauni hili hapana, muda hautoshi. Lakini jifunze. Batiki ya muhuri unaiweza hata uani: unachonga sponji ya godoro au ubao, unachovya kwenye nta ya moto, unagonga kitambaa, unatia rangi, kisha unaichemsha nta itoke. Palipogongwa panabaki rangi ya kwanza. Vitenge vya nta vya kiwandani ni ndugu wa kazi hiyohiyo. Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, Vlisco wakianza kazi Helmond mwaka 1846, na zile nyufa ndogo za rangi unazoziona ni nta iliyopasuka. Geuza kitenge: cha nta kina rangi pande zote mbili, cha kuigiza kimefifia nyuma. Rangi za batiki zinataka kostiki, kwa hiyo glavu na nje penye upepo, na watoto mbali. Nyumbani kwetu ilikuwa rahisi kuliko kwenu huko Dodoma, pamba ya Usukuma ilikuwa inafumwa na kuchapwa hapahapa kwenye kiwanda cha Mwatex, na vipande vyenye kasoro ulikuwa unavipata.

Jambo moja nataka ulifanye kabla hujashona lingine. Nenda kwenye mitumba, kama ninavyokwenda mimi soko la Mlango Mmoja, utafute gauni kuukuu lililochanika ambalo hakuna anayelitaka. Ukuukuu wa kweli, si wa kuigiza. Zipu ya chuma ubavuni kushoto ni dalili nzuri, maana za nailoni zilienea kuanzia miaka ya sitini. La Marekani lisilo na lebo ya maelekezo ya kufulia huenda ni la kabla ya 1972, kwa sababu sheria ya lebo hizo ni ya 1971. Lenye lebo ndogo nyekundu, nyeupe na buluu ya chama cha washonaji wa nguo za kike ni la kati ya 1974 na 1995, hilo si kuukuu kama muuzaji anavyodai. Ukilipata, usilivae. Lifumue lote, mshono kwa mshono, na kila kipande ukipige pasi na kukichora kwenye karatasi pamoja na akiba yake.

La mwenzako usilitupe. Sehemu ya juu iache, pandisha kiuno, weka utepe, ile solo itoe ukashone ya vipande sita kwa poplini. Kola nitaidarizi mimi niitume kwa basi. Nitumie vipimo vyake vya kifua, kiuno na nyonga, na kile ambacho hukunitumia: urefu wa mgongo, kutoka kwenye mfupa wa shingo hadi kwenye ile kamba ya kiuno. Mpime akiwa amevaa shimizi atakayovaa siku hiyo, na usikubali akutajie vipimo vya kichwani.

Mama yako