Usiiunganishe na betri kwanza

Ndugu, umeuliza kama Wireless Set No. 19 yako, redio ya vifaru vya Waingereza, unaweza kuiwasha moja kwa moja siku ya maonyesho. Usithubutu. Kapasita zake za karatasi, vile vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme, huvujisha umeme zikizeeka. Moja ikifa huondoka na valvu, zile taa za kioo za kukuza mawimbi, na kuzipata valvu hizo ni kazi. Pima kapasita, badilisha mbovu, kisha pandisha volti kidogo kidogo ukiwa umeweka fyuzi. Betri ni ya volti 12 tu, ila ndani wakati wa kurusha mawimbi mna karibu 500, kwa hiyo kifuniko kisifunguliwe mbele ya watu. Wageni watafurahia kusikiliza tu, kati ya megahezi 2 na 8. Kurusha bila leseni ni kujitafutia kesi.