Kuunda kayaki ya kiunzi na ngozi nyumbani: kazi kubwa iko kwenye mbavu

Umeuliza kama mtu asiye fundi wa vyombo anaweza kuunda nyumbani kayaki ya jadi ya Greenland, yaani chombo chembamba cha mtu mmoja, chenye kiunzi cha mbao kilichovikwa ngozi au kitambaa, kisha ukauliza kazi ipi ni ngumu kuliko zote na uanze na nini. Mimi niliunda yangu katika banda la gari hapa Aarhus, Denmark, kwa Jumamosi za majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Aprili, nami si seremala. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Swali la pili litachukua sehemu kubwa ya maelezo yangu, kwa sababu wengi huihofia ngozi, ilhali chombo huharibikia kwenye mbavu.

Kwanza elewa kwamba kayaki hii hupimwa kwa mwili wa atakayeipanda. Wainuit, wenyeji wa Greenland, ambao huiita qajaq, walipima kwa mikono na vidole vyao, na kanuni inayotajwa sana ni kwamba urefu wa chombo uwe mikono miwili iliyonyooshwa, mara tatu, na upana wake uwe nyonga pamoja na ngumi moja kila upande. Sisi tuliokulia Pangani hatuhitaji kueleweshwa sana hesabu hiyo: ni pima tatu, na mzee yeyote aliyewahi kununua kamba kwa pima au kitambaa kwa dhiraa (kiwiko hadi ncha ya kidole) ataifahamu papo hapo. Pima yangu ni sentimita 172, hivyo chombo changu kina urefu wa sentimita 516. Nyonga na ngumi mbili zilinipa upana wa sentimita 52. Ukitumia vipimo vya rafiki aliyekuzidi kimo na kiwiliwili, utapata chombo kinachoelea vizuri lakini kisichokutii, kwa sababu mpandaji hukiongoza kwa mapaja na nyonga zake pia, wala hategemei kafi peke yake.

Nguvu ya kiunzi imo katika mbao mbili ndefu za ukingo zinazokutana omo (mbele) na tezi (nyuma). Nilitumia msonobari usio na macho (vifundo), wenye unene wa milimita 20 na upana wa milimita 60, na nakusihi utafute mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja, kwa maana ubao mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenzake chombo kitapinda kuelekea upande mmoja. Mbao hizo hutanuliwa na mihimili ya sitaha, na mmoja wapo, uitwao masik, umepinda kama upinde ili mapaja yapite chini yake na kukikaza chombo unapokilalisha. Msumari hauna kazi hapa. Mihimili huingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwa patasi, hukazwa kwa vigingi vya mbao, kisha hufungwa kwa uzi. Zamani ulikuwa uzi wa kano za wanyama. Mimi nilitumia wa nailoni uliopakwa nta. Nilipokuwa nikifunga nilimkumbuka mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Watu wa bahari mbili zisizofanana hata kidogo walifikia uamuzi mmoja, kwamba chombo kilichofungwa hujinyumbua kidogo mawimbi yanapokipiga, na fundo lililolegea hukazwa upya bila kuharibu ubao.

Sasa mbavu, ambazo mafundi wa mashua kwetu huziita mataruma. Chombo changu kina mbavu 26, kila moja ikiwa na unene wa milimita 7 na upana wa milimita 18, na ncha zake huzama katika matundu yaliyo upande wa chini wa mbao za ukingo. Umbo lote la chini ya maji hutokana nazo. Za katikati ni bapa zikapinda ghafla pembeni, na kadiri unavyokaribia omo na tezi ndivyo zinavyobanana na kuchongoka chini. Mara ya kwanza nilinunua mwaloni mzuri wa dukani, mnyofu na msafi, uliokaushwa katika tanuri. Nikaulowesha siku tatu, nikauweka katika sanduku refu la mbao lililounganishwa na mashine ya mvuke ya kubandulia karatasi za ukutani, nikaukunja. Kati ya mbavu 14 zilivunjika 11. Kwanza unyuzi mmoja huinuka upande wa nje wa mkunjo, mwembamba kama unywele, kisha unasikia mlio, na ubavu unabaki vipande viwili mikononi mwako ukiwa bado wa moto.

Niliyemweleza, mzee wa Kidenmark mwenye kiwanda kidogo cha kupasua magogo nje ya mji, alinionyesha kosa kwa kukwaruza ubao wangu kwa ukucha. Kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, kiitwacho lignini, hulainika kwa joto mti ukiwa bado mbichi; ukishakaushwa tanurini hakilainiki tena vizuri, hata uuloweshe mwezi mzima. Akanipa kipande cha mwaloni mbichi, tukakipasua kwa kabari badala ya msumeno, ili mpasuko ufuate nyuzi zenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote katika jibu hili: tafuta mti mbichi, na kila ubavu uwe na nyuzi zinazokwenda mfululizo bila kukatika pembeni. Dakika 12 za mvuke zilitosha. Ukiutoa una sekunde chache tu. Vaa glavu nene, ukunje kwa dole gumba na goti bila kushtua, uzidishe mkunjo kidogo kwa kuwa utarudi, kisha uusukume katika matundu yake kabla haujapoa. Safari hii nilivunja 3 tu.

Kabla ya kufunga ubao wa mkuku, ule wa katikati chini ya chombo, na fito mbili za pembeni, simama omo, funga jicho moja, utazame hadi tezi. Mimi sikufanya hivyo mapema. Nilipotazama, ufito wa kulia ulikuwa umepanda takriban sentimita 2 kuliko wa kushoto, na chombo kilikuwa kimejipinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Kwa kuwa sikuwa nimetia gundi popote, nilifungua nyuzi, nikatoa mbavu nne, nikakunja nyingine, nikafunga tena. Ilinigharimu Jumamosi mbili. Ningekuwa nimetia gundi na skrubu, kiunzi hicho kingeishia kuwa kuni.

Kuhusu ngozi nitasema kwa ufupi. Huko Greenland ilikuwa ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi, na wanawake ndio walioishona kwa mshono ambao sindano haitoboi ngozi hadi upande wa pili, kisha ikapakwa mafuta mara kwa mara, kama wazee wetu walivyopaka vyombo sifa, yaani mafuta ya samaki. Mimi nilitumia nailoni nzito, nikaivuta na kuishona juu ya sitaha kwa sindano iliyopinda, kisha nikaipaka poliyurethani tabaka nne, mlango wa banda ukiwa wazi na barakoa usoni, kwa sababu harufu yake ni kali na ina madhara. Nailoni ikilowa hulegea na ikikauka hujikaza, hivyo ivute kwa nguvu zako zote. Poliesta haibadiliki hivyo. Chombo changu kizima kina uzito wa kilo 14, nami hukibeba begani peke yangu.

Lakini usikipeleke baharini peke yako. Gino Watkins, Mwingereza aliyejifunza kayaki kwa Wainuit wa Greenland ya mashariki na akawa hodari, alitoka peke yake kuwinda sili mwaka 1932; kayaki yake ilionekana ikielea, mwili wake haukupatikana. Maji ya huku ni baridi hata Mei. Mimi nilianza kwenye maji ya kiunoni, nikiwa na jaketi la kuokolea na rafiki amesimama pembeni, na kazi ya siku nzima ilikuwa kupinduka na kujitoa.

Kwa swali lako la mwisho, anza na kafi. Kipimo chake ni pima moja na dhiraa moja, kwangu sentimita 217, na hutoka katika ubao mmoja wa msonobari wenye unene wa sentimita 4 na upana wa sentimita 9. Utajifunza kusoma nyuzi za mti na kusukuma randa, na ukikosea utakuwa umepoteza ubao mmoja. Shina liwe jembamba kiasi kwamba kidole gumba na cha shahada vikutane ukilizungushia mkono, na mabapa yasizidi upana unaoweza kuukamata kiganjani, kwa maana kafi hii hushikwa hadi kwenye bapa lenyewe.